Supu ya Mbuzi Imetokea Kwenye Chupa

Mama Nobantu wa redioni, salamu kutoka wodini, tunakusikiliza kila siku. Mimi ni baba wa watu wazima, kanisani nashika ufunguo, na bado nakuandikia chini ya blanketi kama mtoto aliyeiba sukari, naomba uniokoe kabla ya Alhamisi.

Nilikuwa na saratani ya koo la chakula, wakanipasua wakaiondoa, namshukuru Mungu, ila humo kifuani kuna kamshipa kembamba kanakopitisha mafuta ya chakula, na daktari aliniambia bila kuficha, "Baba Mpinga, kale kamshipa kalijeruhiwa tukiwa kazini, hutokea kwa upasuaji huu, tukape muda kajizibe kenyewe, lakini mafuta usiguse, hata tone." Basi nina mpira ubavuni unaoteremka mpaka kwenye chupa chini ya kitanda, nisipokula mafuta, yanatoka maji kama chai nyepesi, nikila yanatoka maziwa. Maziwa kabisa, mama! Jirani yangu wa kitanda, mzee Zwelibanzi, kila asubuhi ananiuliza, "Ndugu, leo umeshakamuliwa?"

Chupa ilikuwa imeanza kukauka. Ndipo nyumbani wakachinja mbuzi wa kushukuru kwamba nimeamka, akalia vizuri, ndiyo ishara kwamba wazee wetu waliotangulia kaburini wamempokea, na unajua mwenye mbuzi lazima aonje ile nyama ya mkono wa kulia, dada yangu mkubwa Nozipho akaileta ndani ya mkoba wa kanisani, akasema, "Usipoonja, wazee watajuaje mbuzi ni wako?" Nikaonja. Ningeishia hapo nisingekuandikia, lakini kesho yake akaja na supu ya yule mbuzi, mafuta yanaelea juu, nikanywa, tena mimi mwenyewe nikamwomba siku nyingine alete na magwinya, yale maandazi yetu ya kukaangwa, ya moto ya kuchovya, akaleta, nikachovya.

Chupa ikawa nyeupe. Daktari anakuna kichwa, muuguzi anamhoji mke wangu Nomfundo anapika nini, naye maskini ananichemshia maharagwe na mboga bila hata harufu ya mafuta, Nozipho akamwambia mbele yangu, "Wifi, vyakula vyako ndivyo vinammaliza mdogo wangu," mke wangu akalia, nami nikaifunika chupa kwa taulo alilonifulia yeye mwenyewe. Sasa madaktari wanasema njia ya kuninyima mafuta imeshindwa, Alhamisi wanarudi ndani kukafunga kale kamshipa. Nikisema, dada atadai nimewakana wazee. Nikinyamaza, nakatwa. Nifanyeje?

Aliyekamuliwa, Mthatha

*

Baba uliyekamuliwa, pole kwa saratani na pole kwa kisu. Pole zangu zinaishia hapo.

Mila naijua, nimekulia karibu na zizi. Wazee walitaka uonje, na hata huko kuonja ungemuuliza daktari kwanza, koo lako bado jipya. Wazee wangengoja, wana haraka gani? Lakini supu, baba! Na hayo magwinya, nayo yalilia zizini wazee wakayapokea? Hiyo si mila, huo ni ulafi uliovaa blanketi la mila.

Sasa nisikilize, leo bado Jumanne. Redio ikizimwa, bonyeza kengele. Daktari akija mweleze yote, nyama, supu, magwinya, na mara ya mwisho ulikula lini. Usidhani ukikiri ndiyo umekwepa kisu. Pengine kamshipa kanataka kufungwa kweli, na akisema kafungwe, kubali. Akisema usitie kitu mdomoni, ulishwe kwa mshipa, kubali pia. Ila aamue akijua, asije akafungua kifua cha mtu kwa sababu ya sufuria ya supu.

Dada Nozipho mwambie hivi: "Dada, nimeonja, wazee wameona, sasa mkoba uje na Biblia peke yake." Akinuna, anune. Kununa hakuhitaji mpira ubavuni.

Kilichoniuma mimi ni Nomfundo. Mwanamke anakuchemshia, anatukanwa, na mume anafunika chupa! Akija saa ya kuona wagonjwa, dada yako akiwepo, livute hilo taulo useme kwa sauti mpaka mzee Zwelibanzi asikie: "Maziwa haya yametoka kwenye supu niliyokunywa mimi. Sufuria ya mke wangu haina kosa."

Kisha mpe taulo lake. Yeye ndiye mwenye machozi ya kufuta.