Maisha Matatu Chumbani kwa Sahra

Jumanne, 4 Machi 1997

Miezi saba tangu niondoke Butere. Leo tena kokoto. Karai kichwani, karai chini, karai kichwani. Ukuta wa maduka haya ya mtaa wa Galbet umenifika kifuani, na kifua chenyewe kimechoka. Fundi Mutua amenikemea kwa sababu simiti ilikauka. Jua la huku linakausha simiti ukiwa bado unaikoroga. Si kosa langu. Sikumwambia.

Mchana nilikunywa chai kwa Sahra, jirani na mjengo wetu. Ni mjane wa kutoka Kismayu, ana mabinti wawili wadogo. Alikaa kambini Dadaab, akachoka kungojea mgao, akaja mjini na runinga moja na mashine ya michezo. Sijui alivipataje. Mbele anauza chai. Nyuma ya pazia vijana wanacheza mchezo wa kupigana. Watu wawili kwenye kioo wanarushiana mateke mpaka mmoja anaanguka na damu. Halafu anaamka. Kila mchezaji ana maisha matatu. "Ua yeye! Ua!" Mimi nakunywa chai ya maziwa ya ngamia na kusikiliza mauaji.

Sipendi. Nina kijana nyumbani wa umri wao. Nisingemruhusu akae pale.

Alhamisi, 6 Machi

Wamenipa jina. Huku jina ulilopewa na mama halitoshi, lazima upewe na la pili, na hawakuulizi kama unalipenda. Kijana mrefu wanamwita Dere, yaani mrefu. Mimi ni Dagah, jiwe. Kwa ajili ya kazi, nadhani. Au kichwa.

Dere yuko kidato cha nne na hakuna anayemshinda kwenye mashine. Noor ni rafiki yake wa tangu utotoni. Ni wa pili, na hapendi kuwa wa pili.

Leo sikutazama kioo. Nilimtazama Sahra. Adhana ikianza anazima, hata kama mtu yuko karibu kushinda. Hasa kama yuko karibu kushinda. Anayetukana anapewa mtungi, anapanga foleni bombani pamoja na wanawake, na wanawake hawamwachi apumue kwa kicheko. Anayeshindwa anampa mshindi mkono kabla hajainuka. Sahra hapazi sauti. Anaangalia tu. Vijana wenye mabega mapana kuliko yangu wanainamisha kichwa na kusema, "Haya, eedo," yaani shangazi. Fundi Mutua anapiga kelele kutwa nzima na hakuna anayemsikia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wamenikalisha. Ilikuwa saa ya kupumzika.

"Dagah, shika! Wewe jiwe, huwezi kuumia."

Nilishika kile kidude. Sikujua hata yupi ni mimi. Niliposema ni yule mwekundu, mwekundu alikuwa chini.

"Mzee amekufa akiuliza jina lake!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikafa mara ya pili, na ya tatu. Nilimpa Noor mkono kama sheria inavyotaka. Nilitabasamu lakini ndani nilikuwa nimekasirika vibaya. Mtu mzima, nimekasirikia picha. Nilirudi mjengoni nikavunja mawe kwa nguvu ambazo sikuwa nazo asubuhi. Mutua akanisifu.

Kwa hiyo kitu hicho kinaingia mwilini. Asiniambie mtu hakiingii. Kiliingia kwangu, na mimi nina mvi.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameharibika.

Nilitumwa soko la mifugo kununua kamba. Dere na Noor walikuwa kando ya zizi la mbuzi, wanabishana. Kwa Kisomali, sikuelewa. Halafu Noor akasema jambo moja polepole, na watu wote waliokuwa karibu wakageuka kumtazama. Baadaye niliambiwa alimtaja marehemu babake Dere. Alisema alikufa akikimbia.

Dere aliruka. Mguu wa kulia mbele, mwili umelala hewani. Teke lile nalijua. Nilipigwa nalo Jumamosi, mara tatu, kwenye kioo. Noor alianguka chali, mdomo damu tupu. Jino la mbele limetoka. Mimi na wachuuzi wawili tuliwashika. Dere alikuwa anatetemeka mikononi mwangu kama mbuzi.

Jioni Haji Bulle alikuja kwa Sahra. Ndiye mwenye nyumba. Ni mzee wa ngamia, ana maduka sasa. Amemwambia mashine yake inafundisha watoto kuuana. Ijumaa baada ya sala atakuja na wazee wenzake. Wakiona ni kweli, Sahra anahama.

Kuhama ni kurudi kambini. Hana pengine.

Jumatano, 12 Machi

Mashine imefunikwa kanga. Sahra anauza chai. Nimeona vyombo vyake vingine vimefungwa kwenye mkeka, vimeegemezwa ukutani.

Alinikuta natazama. "Haji si mtu mbaya," akasema. "Nami najua teke lile lilitoka wapi."

Nimemheshimu kwa hilo. Ningekuwa mimi ningesema uongo.

Alhamisi, 13 Machi

Mgongo. Karai. Joto lisilo na aibu. Familia ya Dere imepeleka mbuzi kwa kina Noor kwa ajili ya jino. Wazee wamekaa, wamesema, yameisha. Hivyo ndivyo wanavyofanya. Kwetu tungekuwa bado tuko polisi.

Lakini la chumba halijaisha.

Ijumaa, 14 Machi

Mutua aliniruhusu kwenda kwa Sahra. Alikuja mwenyewe pia, na mwiko mkononi. Haji Bulle na wazee wawili walikaa kwenye benchi. Dere na Noor chini kwenye mkeka. Noor akisema neno lenye "s" anapiga mluzi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Haji, ambaye kila "p" kwake ni "b", aliomba aoneshwe. "Cheza. Bigana kama siku zote. Mimi naangalia."

Wakacheza. Mateke, damu, kuanguka, kuamka. Wazee hawakushtuka. Wamechinja ngamia maisha yao yote na wameona vita vya kweli, damu ya rangi haiwasumbui. Mmoja alipiga miayo. Nikaanza kuwa na matumaini.

Noor akashindwa. Akampa Dere mkono, akasema, "Haya, maisha yangu yameisha."

Haji akainua bakora. "Nini imeisha?"

"Maisha, Haji."

"Ulibewa ngabi?"

"Tatu."

"Tatu!" Alimgeukia Sahra. Sijawahi kuona mzee amekasirika kwa sauti ndogo vile. "Mimi Mungu alinibatia maisha moja. Miaka sabini nabeba kama yai. Huyu anabewa tatu, na kesho tatu ingine. Kwa nini asibige mwenzake? Anafikiri ataamka."

Miezi yote hii nilikuwa nachukia damu na kelele, na mzee huyu alitazama mara moja akaona jambo lenyewe.

Dere akataka kusaidia. Msomi. "Haji, Kiswahili hakina maisha moja. Mwalimu anasema ni ya wingi daima."

"Basi Kiswahili imekosea."

Mutua akacheka peke yake, akajuta.

Sahra hakulia, hakuomba. Alisimama karibu na runinga, mkono juu yake. "Haji, watu walioniulia mume hawakuwa na mashine. Lakini neno lako ni kweli. Walikuwa watu wasiojua kuwa mtu hawezi kuamka." Akawageukia vijana. "Kuanzia leo, hapa maisha ni moja. Ukianguka mara moja, unatoa mkono, unatoka. Hukai tena mpaka kesho."

Vijana wakapiga yowe. "Eedo! Kesho?"

"Kesho. Na anayesema tatu anaenda bombani."

Haji akasema, "Nataka kuona."

Dere na Noor wakashika tena. Kitu cha ajabu kikatokea. Hakuna aliyepiga. Yule mwekundu na yule wa bluu wakazungukana, wakasogea, wakarudi nyuma. Dere aliyekuwa anaruka kama nzige sasa anakanyaga kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Jasho linamtiririka. Noor ulimi umetoka kwenye pengo. Tukangoja. Tukangoja sana.

"Hawa wanabigana au wanachumbiana?" Haji akauliza.

Kicheko kikalipuka. Katika kicheko hicho Dere akapoteza umakini na Noor akampiga. Mara moja tu. Mwekundu chini. Dere alikaa akitazama kioo, mdomo wazi. Nadhani hakuwahi kuona mtu wake akianguka asiamke. Halafu akanyoosha mkono. Alisema jambo kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. Noor alikaa nao ule mkono muda mrefu kuliko sheria inavyotaka.

Niliuliza amesema nini. Sahra akanitafsiria: amemwomba radhi kwa jino. Na Noor amesema yeye ndiye aliyempiga kwanza, kwa ulimi.

Haji hakutoa hukumu. Alikunywa chai yake, akaagiza nyingine. Alipoinuka alisema atapita Ijumaa ijayo.

Jumanne, 18 Machi

Vijana wamepungua. Baadhi wanasema Sahra ameharibu mchezo. Wanaobaki wanakuja mapema, wanacheza polepole, wanabaki kuangalia na kubishana kuhusu kila teke kama mahakimu. Leo wawili walisukumana mlangoni kwa ajili ya zamu. Walipelekwa bombani wote. Kwa hiyo si kwamba wamekuwa malaika.

Mimi nimefikiria wakati wa kubeba, kichwa hakina kazi nyingine. Mashine inafundisha. Teke lile lilitoka humo, siwezi kulikana. Lakini hakuna kijana aliyewahi kukaa nayo peke yake. Sahra amekaa kati yao kila siku, na kikombe mkononi. Nimefanya kazi chini ya wanaume wengi. Sijaona anayejua kuwashika watu kama yeye.

Ijumaa, 21 Machi

Haji alipita. Alikaa, akatazama michezo miwili, akamwambia Noor anacheza kama mwoga. Noor akafurahi siku nzima. Kuhusu kuhama, hakuna aliyetaja.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna kazi. Nimefua. Upepo una vumbi, shati limekauka na kuchafuka kwa pamoja.

Asubuhi Sahra alikuja mjengoni kuuliza kama kuna chokaa iliyobaki. Mutua akampa nusu ndoo. Nilimsaidia kupaka ukuta wa mbele, Dere akapaka juu tusipofika. Mkeka ule umefunguliwa, sufuria zimerudi mahali pake. Binti mdogo alichovya mkono kwenye chokaa akaupiga mlangoni. Mamake aliutazama, akauacha.

Paa letu litakwisha kabla ya mvua, Mutua anasema. Nitafika nyumbani katikati ya Aprili, watoto wakiwa likizo.