Chura wa Kijitoni na Mtoto wa Mama Nyaga

Kibugu, Embu

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje sasa baridi ya Mikinduri imepungua? Na kifua cha Baba? Wewe Kanana unayemsomea Mama barua hii, soma pole pole, dada yangu, na usiruke hata pale panapouma. Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua mmeshasikia mengine. Simu yangu ilizama mtoni, na hata ningekuwa nayo, mambo haya nisingeweza kuyasema huku namsikia Mama akilia upande wa pili.

Kazi iliyonileta huku mnaijua. Daktari Mukami, mtaalamu wa vyura, aliniajiri pamoja na Njeru, mwenyeji wa hapa mwenye mke na watoto, tumsaidie kumtafuta chura mmoja wa rangi ya majani makavu, mdogo hata anatosha kwenye kijiko. Wataalamu wanasema chura huyo anaishi kwenye vijito vya msitu huu wa mlima tu, na wamemwandika miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amemwona. Labda yupo, labda ameisha. Kwa hiyo tulishinda tukipindua majani yaliyooza kando ya maji, na kila mara tuliokota vyura wengine, si yeye.

Nilipokuaga ulicheka, Mama, ukasema, "Siku hizi mtu analipwa kuwinda chura!" Huku hawakucheka. Juu ya Kibugu bado imebaki miti ya mithaiti, ile mikubwa ambayo mbao zake hununuliwa kama dhahabu, na kuna watu wanaiangusha kwa misumeno ya injini. Anayewatuma alieneza maneno sokoni kwamba chura akipatikana msitu utafungwa, na hakuna mama atakayeokota kuni wala ng'ombe atakayelishwa humo. Watu waliacha kutusalimia. Asubuhi moja tulikuta chura wa kawaida, wale wa bustanini, amepigiliwa msumari kwenye mlango wa kibanda chetu cha vifaa. Alikuwa bado anarusha mguu. Njeru alimng'oa, akamponda kwa jiwe ili asiteseke, tukaingia kazini.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Nyaga, mjane mwenye shamba la majani chai. Alinipenda. Akipika githeri alinipakulia kabla ya mwanawe Nyaga, na Nyaga alilalamika kwa utani, "Mama, huyu Mmeru umemzaa lini?" Tulikula meza moja. Nilijua anabeba mbao, maana mabega yake yalikuwa yamechubuka, lakini sikumuuliza kitu, naye hakuniuliza.

Siku yenyewe Daktari alikuwa ameshuka mjini. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kupenya. Njeru alikuwa ameinama, mikono ndani ya maji, nami nasimika nondo za kuwekea alama. Nikaona wanaume wanashuka kutoka juu, nyuso zimefungwa vitambaa, mapanga mkononi. Walikuja kimya. Hilo ndilo lililonitisha, Mama. Mtu anayetaka kukutisha tu hupiga kelele.

Njeru alisimama, akasema, "Wazee, tuongee kwanza."

Wa mbele alikanyaga ndani ya maji. Alishusha panga. Njeru aliinua mkono kujikinga, panga likapasua kiganja, vidole vikabaki vinaning'inia kwenye ngozi. Damu iliruka ikanipata mdomoni. Likashuka tena, likamwingia begani, akaanguka kwenye mawe huku anaita jina la mkewe. Mwingine alikuwa amenifikia. Nilikuwa na nondo mkononi. Nilimpiga nayo kichwani kwa nguvu zangu zote. Sitakudanganya kwamba nililenga bega. Mlio ule niliusikia mikononi kabla ya kuusikia masikioni.

Alianguka kifudifudi kijitoni. Wenzake walipoona hainuki walikimbia, wakamwacha. Mimi niliinua nondo tena juu ya mgongo wake. Ni Njeru, akiwa amelala katika damu yake, aliyenifokea: "Anakufa maji huyo! Mtoe!"

Nikamgeuza. Kitambaa kiliteleza. Alikuwa Nyaga.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani, Njeru akinifuata amejifunga mkono kwa shati. Wachuna majani chai walituona, wakasimamisha pikapu. Hao wawili wakapelekwa hospitali mjini Embu. Mimi nilienda kwanza kwa Mama Nyaga, kwa sababu sikutaka alisikie kwa mtu mwingine.

Nilimkuta kati ya mistari ya majani chai, kikapu mgongoni. Nikamwambia yote, na kwamba ni mimi. Hakupiga mayowe.

"Kwa sababu ya chura?" aliuliza.

"Mama, walikuja na mapanga."

"Nimekuuliza. Umemvunja mtoto wangu kichwa kwa sababu ya chura?"

Alichukua ule ufito wa kusawazishia majani, akanipiga usoni, shingoni, mgongoni, mpaka ukavunjika, kisha akaendelea na kile kipande kilichobaki. Nilisimama tu. Wanawake wenzake ndio waliomshika. Kovu utakaloliona juu ya jicho langu si la wale wanaume, ni lake.

Polisi niliwaendea mwenyewe, nikaandikisha taarifa, wakaniachilia. Kesi ya uvamizi huo itasikizwa na mimi ni shahidi. Njeru alipona, ila mkono haufungi tena, na ameapa hatakanyaga msitu. Nyaga alilala hospitalini bila kufumbua macho. Nilikuwa nimehama, nalala kibandani. Siku moja, adhuhuri, Mama Nyaga alikuja akasimama mlangoni na gambuti zake.

"Nipeleke pale alipoangukia."

Nilimpeleka. Kijitoni nilimwonyesha jiwe lililo pale alipoangukia, akalitazama. Kisha aliinama kidogo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni huyu?"

Mama, alikuwa amekaa kwenye jani lililolowa, koo lake linapanda na kushuka. Yule yule wa kwenye picha ya Daktari, hata ule mstari wa pembeni. Sisi tulitafuta miezi yote ile, na aliyemwona ni yeye.

"Ndiyo," nikasema. "Ni huyo."

Aliinua mguu.

"Mama, tafadhali."

Akaushusha. Akakanyaga, akasaga kwa kisigino kama mtu anayezima kaa la moto. Halafu akakaa chini kwenye matope, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalia, kilio cha kutoka tumboni. Sikuthubutu kumgusa. Nilikaa karibu yake mpaka alipomaliza. Kisha nikaokota kile kilichobaki kwenye jani, tukateremka.

Daktari nilimweleza jinsi ilivyokuwa, bila kuficha. Alikiangalia kwa kioo chake cha kukuzia. "Wapo," alisema. "Hawajaisha." Akakitia kwenye chupa ya spiriti. Nilidhani atamlaani yule mama, lakini aliuliza tu, "Na mtoto wake anaendeleaje?" Kwa sababu ya chupa hiyo, bonde lile sasa limezuiwa kukatwa miti, na walinzi wanalizunguka, mimi mmoja wao. Kuni kavu akina mama bado wanaokota. Aliyewatuma wale wanaume hajakamatwa.

Nyaga amerudi nyumbani. Anatembea kwa kushikiliwa, na kumbukumbu hazikai. Mama Nyaga aliniita. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Alisema, "Mimi nina majani ya kuchuna. Nani atamlisha?" Nikarudisha godoro langu kwenye kile chumba. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda kwenye doria, namnywesha uji.

Mara ya kwanza alinitazama, akauliza, "Wewe ni nani?"

"Kirimi. Mpangaji wa mama yako."

"Wanasema nilipigwa. Unamjua aliyenipiga?"

"Ni mimi niliyekupiga."

Akafungua mdomo apewe kijiko kingine. Kesho yake alikuwa amesahau, akaniuliza tena. Kila siku ananiuliza, Mama, na kila siku namjibu.

Usije kunichukua, na usimtume Baba. Kesi ikiisha nitakuja nikae nanyi. Nisalimie shangazi wa duka la nyama, mjomba anayefunga miraa, na bibi yetu, mwambieni bado nakula vizuri. Kanana, asante kwa kusoma mpaka hapa. Mshike Mama mkono.

Ni mimi mwanao, wa kwako na wa kuazimwa na mama mwingine,

Kirimi