Majina Niliyoyaruka

Msamala,
Songea.
12 Juni, 2025.

Mpendwa Mjomba Muhsini,

Assalaam alaikum warahmatullah. Shikamoo Mjomba. Ni mimi mpwa wako Sabra, mtoto wa dada yako Subira. Habari za huko Bukoba? Mgongo wako umepoa, au bado unakusumbua ukikaa muda mrefu dukani? Mama Nasrin hajambo? Na Nasrin mwenyewe, nasikia amekuwa mrefu kumpita mama yake.

Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Wa moyo nisikudanganye. Baridi ya Juni imeshika hapa Songea, asubuhi maji ya kuoga yanauma, na ninakuandikia nimejifunika blanketi kama mzazi wa jana.

Nyumbani Nalasi hawajambo. Wameshaanza kupuliza dawa kwenye mikorosho, na Mama anasema mwaka huu maua yanaonyesha dalili nzuri. Chumba cha Bibi bado hajakifungua. Anapita mlangoni anafagia, anaendelea na shughuli nyingine.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unazijua simu zetu tangu msiba. Nikimtaja Bibi tu, unasema mteja ameingia, utanipigia baadaye. Sikulaumu, Mjomba. Mama yako anazikwa Nalasi nawe uko Bukoba, hata basi la siku hiyo huwezi kuliwahi, hilo si jambo la kuzungumza umesimama nyuma ya kaunta. Lakini safari hii shida yangu inamhusu yeye, na nimebakiwa na siku kumi na tano.

Unajua niko mwaka wa mwisho wa maendeleo ya jamii. Ili tumalize, kila mmoja lazima aandike utafiti wake. Mimi nilichagua kuandika jinsi akina mama wa kwetu walivyolisha watoto miezi ya njaa, na nusu ya kazi ni habari za ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu kinachohitaji kulowekwa mtoni kabla hakijaliwa. Nilijiona mjanja. Wenzangu walihangaika kutafuta watu wa kuwahoji, mimi mtu wangu alikuwa nyumbani, ananipikia.

Januari nilikaa na Bibi siku nne. Aliniambia yote: jinsi ya kumenya, jinsi ya kukata, siku za kuloweka, na namna ya kujua kwamba sumu imekwisha. Kila alipoanza jambo, alianza na watu. Hili nilipewa na fulani, mke wa fulani, naye alipewa na mkwewe aliyevuka Ruvuma kutoka ng'ambo, naye huyo alifundishwa na fulani. Kwa ndiga peke yake alitaja majina manne. Nikamuuliza kama hatuwezi kwenda moja kwa moja kwenye kazi yenyewe. Akasema, "Ndiga imeua watu, mjukuu wangu. Ukila kwa maneno ya mtu asiye na jina, ukifa tukamuulize nani?"

Mimi nikaona ni mazungumzo ya wazee. Nilisubiri amalize majina, ndipo niandike.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hata Mama sijamwambia. Siku ya mwisho Bibi alisema, "Wale watu umewaandika?" Nikasema nimewaandika. Akasema, "Nisomee." Mjomba, nilifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, nikamsomea. Majina yalikuwa bado yamo masikioni, nikayataja yote manne kwa mpangilio wake, huku nikipitisha kidole kwenye mistari isiyo na kitu. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alifurahi. Alisema, "Basi hao hawafi tena." Kisha akaenda kuchambua mboga.

Nilidhani nitayaandika usiku ule. Sikuyaandika. Tarehe ishirini na nne Machi, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Bibi Mwamvua akatutoka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwezi uliopita msimamizi wangu, Madam Benigna, alinirudishia kazi. Ni mgeni wa huku, ametokea Moshi, mama mpole asiyepandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yanakaa. Kila ukurasa wa ndiga alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: nani kasema? Nikamweleza kuwa ni bibi yangu, na kwamba amefariki. Alinipa pole, akasema marehemu naye hutajwa, hilo si tatizo. Halafu akauliza, "Yeye alijuaje? Mtu akipika kwa kufuata ripoti yako akadhurika, nitamwambia alisema nani?"

Yalikuwa maneno ya Bibi yale yale, ila safari hii yalitoka kwenye kinywa cha mwalimu, na mimi nikayaheshimu kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wino wote. Nilikwenda chuoni miaka mitatu kufundishwa kutaja chanzo cha habari, na nyumbani nilikuwa na mwanamke aliyekuwa hawezi kufungua mdomo bila kukitaja, nami nikamwona ananichelewesha. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ni mimi.

Madam amesema nisipoonyesha elimu hii ilitoka wapi, ile sehemu ya ndiga itolewe yote. Ikitolewa, kazi haitoshi kusahihishwa, na nitarudia mwaka. Kurudia nitavumilia, ingawa sijui nitamwambiaje Mama. Ninachoogopa ni hiyo sehemu kutolewa. Humo ndimo Bibi alimobaki.

Naishi chumba kimoja na msichana wa Peramiho, Frida, mtu mwema kabisa. Aliponiona silali aliniambia, "Dada, weka majina yoyote. Nani atatoka hapa mpaka Nalasi kwenda kuuliza watu waliokufa?" Ni kweli, hakuna. Niliandika mawili ya kubuni, na yalikaa vizuri tu kwenye karatasi, tena yalionekana ya kweli kuliko ya kweli. Nikaona kidole changu kinapita tena juu ya mstari mtupu na Bibi amekaa mbele yangu ananiamini. Nikayafuta. Mtu mmoja ukimsomea uongo mara moja, inatosha.

Nimemuuliza Mama. Anasema mwaka ule wa njaa, Bibi alipokuwa akiloweka ndiga, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikwenda hata kwa jirani yetu bi mkubwa Asumini, kumbukumbu zimemwacha, aliniita kwa jina la mwanawe. Umebaki wewe. Bibi alinisimulia kwamba wewe ndiye uliyembebea kikapu mtoni, na kwamba njiani ulikuwa ukiwaimba wale watu wanne mpaka anakukataza, kwa sababu wengine walikuwa wakwe zake na haikufaa kuwaimba. Alicheka sana aliposimulia.

Mjomba, unayakumbuka? Hata mawili. Hata moja, la yule aliyevuka Ruvuma. Kama kulisema kunakuwa kuzito, usipige simu. Niandikie ujumbe wa majina matupu, bila salamu, nitaelewa. Mwisho wa kukabidhi kazi ni Ijumaa tarehe ishirini na saba.

Na kama umesahau, usijilaumu, wewe ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa na kalamu. Nimeshaamua nitakachoandika. Nitaacha mistari minne mitupu, na chini yake nitaandika kwamba mwelezaji alitaja waliomfundisha, mmoja mmoja kwa jina, na kwamba mwandishi hakuwaandika. Madam Benigna ataamua anavyoona. Sitaki kosa langu lisomeke kama kwamba Bibi hakusema.

Nisalimie Mama Nasrin na Nasrin, na mwanao Juma mwambie kaka mkubwa hapigi wadogo zake. Mama anakusalimu sana, na Babu Hamisi wa msikitini anauliza kila Ijumaa kama umetuma habari. Ukipata nafasi, hata baada ya mavuno ya korosho, njoo uone kaburi. Tumelizungushia matofali, na Mama anataka akifungua kile chumba, uwe umesimama naye.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya mgongo na wepesi wa moyo, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Sabra, binti wa Subira, binti wa Mwamvua wa Nalasi,
naye alipewa na

...........................
...........................
...........................
...........................