Miti ya Nyuma ya Goli

Zaitun, mume wangu Twalibu kaumbuka leo kwenye mkutano wa klabu ya mpira. Kaumbuka!

Twalibu kasimama kwa mbwembwe: "Kasulu imekua, uwanja wetu bado banda la kuku! Tupanue! Miti ya nyuma ya goli nimeshaikata mwenyewe!" Watu wakapiga makofi.

Mzee Bazilio akainuka taratibu. "Umeikata yote?"

"Yote, mzee!"

"Tulipokimbilia hapa kutoka Burundi hatukuwa na saruji ya makaburi. Kila mtoto tuliyemzika pale tulimpandia mti."

Yaani, Zaitun! Kila mtoto, mti wake.

Karudi, kajifungia chumbani.

Mimi niko jikoni. Zaitun, yale maharage uliyoyasifia Ijumaa niliyapikia kuni za miti hiyo.