Kinyume cha Sifuri

Mwika,
Jumamosi

Dada Zita mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Moshi, wewe na shemeji, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mama na Brenda wanakula vizuri, ng'ombe amezaa dume, na mvua imenyesha hadi migomba mingine imeangukia kahawa. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua: ungesema neno moja tu, nami ningebadilisha mazungumzo.

Nimesikia umeshamnunulia huyu mwanao sanduku la kwenda shule ya masista. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka parokia iliipa shule yetu nafasi moja ya kumsomesha huko kwa masista msichana wa darasa la saba, na mtihani wa hesabu nikautunga na kuusahihisha mimi. Brenda alipata 46. Dominika, binti wa Rogath, akapata 45.

Swali lililowatenganisha lilikuwa la kinyume cha namba, yaani ile ambayo ukiijumlisha na namba yenyewe unapata sifuri. Nililifundisha kwa njia ya huku kwetu, maana sisi wa mlimani hatuna kulia wala kushoto, tuna juu na chini tu. Kanisa nikaliita sifuri. Ukipanda hatua tano uko chanya tano. Ili urudi kanisani lazima ushuke tano, basi kinyume chake ni hasi tano. Watoto walielewa mara moja. Nami kwa kujiona fundi nikaongeza kwamba sifuri haina kinyume, kwa kuwa haiko juu wala chini. Kwenye mtihani nikauliza hilo hilo. Brenda aliandika "haina", nikampa alama mbili. Dominika aliandika "sifuri", nikamkata.

Niliporudisha karatasi, Dominika alinifuata ofisini. Aliniamkia, akaiweka karatasi mezani, akasema, "Mwalimu, aliye kanisani tayari hapandi wala hashuki. Anajumlisha sifuri, anabaki pale pale." Nilimwambia arudi darasani, asibishane na mwalimu.

Alipotoka nikafungua kitabu. Kinasema kama yeye: sifuri ukiijumlisha na sifuri ni sifuri, basi yenyewe ndiyo kinyume chake. Miaka kumi na moja nafundisha, dada. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Lililo baya zaidi ni hili. Siku ile orodha ya matokeo ya kupelekwa parokiani ilikuwa bado mezani kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Valerian. Nilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Nikanyamaza. Nimenyamaza wiki tatu, kwa sababu Brenda ni mtoto wetu na nilitaka aende yeye. Kukosea nilikosea kwa kutojua, lakini kunyamaza nilinyamaza nikijua.

Jana nimemweleza Mwalimu Valerian yote. Dominika ana 47, Brenda 44, na Jumatatu jina linabadilishwa. Nilipanda pia hadi kwa Rogath, nikamwomba binti yake radhi mbele ya wazazi wake.

Brenda nimemwambia leo asubuhi tukimenya ndizi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo mamdogo, nimekosa kwa sababu nilikusikiliza?"

Nilimjibu ndiyo.

Usimlaumu yeye wala Dominika. Ukiridhia, abaki nami hapa amalize darasa la saba. Usiporidhia, njoo umchukue, sitabisha. Mama anakusalimu sana. Msalimie shemeji, ukiweza kumweleza.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,
Mektrida