Mota ya Misheni na Mfereji wa Mama Mkwe

Njombe, Jumanne usiku

Mota ya mashine ya kusaga si mbovu. Nimemwambia Mchungaji tena leo, maana alishaagiza lori la kuirudisha Makambako.

Inanikera mtu kulaumu chuma kabla ya kupiga hesabu. Mota ina ncha nne za sumaku, na umeme wetu unatakiwa uwe wa saiko hamsini, yaani ugeuke huku na huku mara hamsini kwa sekunde. Kanuni ni mia na ishirini mara hamsini, gawanya kwa nne: mizunguko elfu moja mia tano kwa dakika. Hiyo ni kasi ya sumaku. Mota yenyewe hubaki nyuma kidogo tu. Lakini kipimo kilisoma chini ya elfu moja mia mbili, tena bila mzigo. Basi jenereta ndiyo inayozunguka polepole, na jenereta inaendeshwa na maji.

Nikapanda kufuata mfereji. Ukingo umekatwa, na maji yanakwenda kwenye kinyungu cha mama mkwe, bustani yake ya bondeni, kwenye njegere zake. Mwenyewe alikuwepo, jembe mkononi. Nikageuza uso nikapita. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe, sembuse kumkaripia!

Jioni nikamtuma mke wangu. Amerudi sasa hivi, anacheka.

"Mama atauziba ukingo kila asubuhi, ila mahindi yake yasagwe ya kwanza."

Nimekubali kabla hajamaliza. Kesho mota itazunguka sawasawa, sina shaka.

Ila siku zote mahindi ya kwanza kusagwa huwa ya Mchungaji. Hesabu hiyo bado sijaipiga.