Saba Waliozaliwa, Sita Walio Hai

Kilty Ridge,
Wisconsin,
Marekani.

19 Juni 1983

Mpendwa ndugu yangu Colman,

Habari za huko Sligo? Hujambo wewe, na shemeji Philomena hajambo? Na mama yako, Shangazi Attracta, ile nyonga yake imetulia au bado inamtabiria mvua? Natumaini mmepata walau siku mbili tatu za jua la kukaushia vile vipande vya udongo wa kuwashia moto, maana barua yako ya mwisho ilinifikia kama iliyoanikwa nje usiku kucha.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Majani ya kwanza ya ng'ombe tumeshayakata na kuyafunga. Kaka yangu Emmet ametimiza miaka sitini na nne na bado hataki kusikia habari za kuoa. Juzi nimemwambia kina mama wa parokia wameshamkatia tamaa, akanijibu kwamba ng'ombe wake hawamwulizi alikuwa wapi. Mimi nami usiniulize, nilishaolewa na chaki miaka thelathini na minne.

Basi nije kwenye jambo lenyewe, kwani najua hukukaa kusubiri habari za majani. Barua niliyokuandikia Januari ichome. Ama usiichome, iweke kabatini, siku nikijifanya mjuaji tena unitolee niisome mbele za watu. Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba babu yako Malachy hawezi kuwa mtoto wa Bartley na Honora Tansey, kwa sababu orodha ya watoto wao iliyoandikwa ndani ya Biblia yetu ya ukoo inaanza na babu yangu Thady kuwa mzaliwa wa kwanza. Niliandika kwa kujiamini kabisa, na kwa wino mweusi. Nilikosea, Colman. Naomba radhi kwako, na zaidi kwa mama yako.

Uliponieleza kwamba Shangazi aliisikiliza barua ile mpaka mwisho, akasema “Basi,” akaondoka kwenda kulisha kuku, nilikosa raha wiki nzima. Afadhali angenitukana.

Najua anachokitafuta. Tangu yuko shule ya msingi anaambiwa kwamba baba yake alikuwa mtoto wa kutupwa: wazazi walipanda meli wakamwacha kwa babu yake, ana miaka miwili na surua mwili mzima, wakaja huku kuzaa wengine na kumsahau yeye. Leo Shangazi ana miaka themanini na minne, jiwe la kaburi la baba yake linachongwa upya kabla ya siku ya kubariki makaburi mwezi Agosti, na amemkataza fundi kuandika majina ya wazazi mpaka ajue kama walikuwa wazazi kweli au watu waliomzaa tu. Ana haki ya kuuliza. Ningekuwa mimi ningeuliza kwa ukali zaidi.

Aliyenizindua ni Emmet, tena zizini. Nilikuwa nikimsomea barua yako huku yeye akiwafunga ng'ombe mashine za kukamulia, nikadhani hasikii. Ghafla akauliza Thady alipewa jina la nani. Nikamwambia la baba yake Honora, kila mtu anajua. Akanyanyuka, akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto wasiojua jedwali la mbili.

“Delia, na masomo yako yote hayo,” akasema. “Tangu lini mtoto wa kwanza wa kiume akapewa jina la upande wa mama? La upande wa baba limekwenda wapi?”

Ndugu yangu, niliona haya mbele ya ng'ombe wale. Desturi yetu naijua tangu sijaota meno: mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili ndiye huitwa babu mzaa mama. Na baba yake Bartley, yule aliyebaki huko Sligo, aliitwa Malachy. Thady ni wa pili! Jina lake lilikuwa likitupigia kelele miaka mia moja na sisi tunalitumia tu kuita watu waje kula. Nikaenda kuitazama ile Biblia vizuri, nikaona ilinunuliwa hapa hapa mwaka 1871. Aliyeandika alianza na waliobatizwa parokia hii, na mimi nikaishika kama amri za Musa.

Lakini kujua kwamba Malachy alizaliwa si kujua kwamba alikumbukwa, na hilo la pili ndilo mama yako analolitaka. Nikaendelea kuchimba. Baada ya Thady walizaliwa wavulana wengine watatu, Dominick, Luke na Owen. Hakuna Malachy hata mmoja. Mwanzo niliumia, nikadhani walimtupa mtoto pamoja na jina lake.

Kisha nikamkumbuka Sabina. Walikuwa na mabinti wawili, wote Sabina. Wa kwanza alifariki kwa homa akiwa na miaka miwili, na aliyefuata akapewa jina lile lile, kama watu wetu walivyofanya siku zote: jina la marehemu hurudi kwa mtoto anayezaliwa. Sasa fikiri, Colman. Kama kwao Malachy alikuwa amekufa au amekwisha, wangeachaje jina la babu mzaa baba likae bure, wavulana watatu wakibatizwa mmoja baada ya mwingine? Hawakumpa mtu kwa sababu lilikuwa na mwenyewe.

Nilimweleza Emmet kwa furaha, nikingoja anipongeze. Akanywa chai yake yote kwanza. Akasema hayo ni mawazo yangu, na mama wa watu wa miaka themanini na minne hapelekewi mawazo. Nilinuna siku nzima, lakini alisema kweli.

Kwa hiyo Jumanne nilivaa viatu vya kanisani, nikapanda basi mpaka Madison, kwenye maktaba ya jimbo. Huko wana picha za madaftari ya sensa, unazungusha kwa mkono kwenye mashine yenye taa mpaka macho yanatoka maji. Katika sensa ya 1900 kila mama aliulizwa maswali mawili: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi. Kwa Biblia yetu, Honora alizaa sita, na walio hai ni watano, ukimtoa yule Sabina wa kwanza. Nilimkuta kwenye ukurasa wa shamba letu hili hili, juu ya jirani Mnorwe. Karani ameandika saba. Walio hai, sita.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Nikajiambia huenda karani alikosea, au kwa jirani alionjeshwa kitu. Nikaomba sensa ya 1910, ambayo imefunguliwa kwa umma juzi juzi tu. Karani mwingine, mwandiko mwingine. Bartley ameshafariki, Honora ni mjane wa miaka sitini na saba, anaishi na Thady. Maswali ni yale yale. Saba. Sita.

Nililia pale pale, sikujali. Binti wa maktaba aliniletea maji, akauliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata babu.

Sitakutungia nisichokijua. Sina barua hata moja ya Honora. Sijui kwa nini hawakurudi kumchukua, wala kama babu wa huko alikataa kumwachia, wala nani alimwambia yu hai. Kufikia 1910 Honora alikuwa hajamwona mwanawe kwa miaka arobaini na minne. Karani yule hakumjua Malachy, wala asingejua kama ameachwa nje ya hesabu. Ilikuwa rahisi kusema sita na watano, karani aende zake.

Msomee mama yako barua hii, kaa upande wa sikio lake zuri, usiruke kitu. Mwambie mtoto wa Thady anamsalimu kutoka kaburini, maana marehemu baba yangu angefurahi mno kujua ana binamu huko. Halafu mwache akaamue mwenyewe na fundi wake. Mimi na Emmet tutakuja Agosti kusimama kwenye kaburi hilo, ng'ombe watakamuliwa na yule jirani Mnorwe, au mjukuu wake kwa kweli.

Msalimie sana Philomena, na mtoto wenu Dympna akifaulu mitihani nitamtumia kamusi. Emmet anakusalimu na anasema umtumie picha ya fahali wako. Mungu awakunjulie anga, azilinde nyumba zenu na zetu, na atufikishe salama tuonane uso kwa uso.

Wako akupendaye, na safari hii bila shaka yoyote ndugu yako wa damu,

Delia Tansey